Uzi Kwenye Feni

Mwalimu wa Nidhamu wa skuli yetu alikuwa hali, hanywi wala havai kitu kilichofungwa na mtu asiyemjua. Maji ya chupa, hapana. Juisi ya boksi, hapana. Bizari ya paketi akiiona dukani huitazama kama mtu aliyemuona mke aliyemwacha kapendeza harusini. Suruali zake alishonewa na fundi wa Chake, naye hukaa papo hapo barazani kwa fundi mpaka mshono wa mwisho, anauliza huu wa nini na ule wa nini, mpaka siku moja yule fundi akachoka: "Mwalimu, njoo ukae wewe kwenye cherehani, mimi nende nikafundishe."

"Kilichofungwa na mwengine," akisema, "siku kikikwama kitakutaka umtafute huyo mwengine. Na huyo mwengine yuko China, hajui hata kama kuna Pemba."

Kazaliwa wapi na ni mtoto wa nani, sijui, na sikuuliza kwa makusudi. Kwetu ukishamuuliza mtu kwao, hamfiki mbali mshakuwa ndugu, na mimi sikutaka undugu na mtu mwenye bakora.

Ninaandika haya nikiwa na hasira. Najua wanaonijua watasubiri vichekesho viko wapi. Vitakuwapo, maana mizaha kwangu ni kama kwikwi, haina adabu ya kungoja. Lakini hasira ndiyo iliyonikalisha kitako.

Bakora yenyewe Mwalimu hakuitumia sana. Ilikuwa ya kuonyeshea ubaoni na kufukuzia mbuzi. Adhabu yake halisi ilikuwa stoo. Nyuma ya madarasa kuna chumba kilichojaa maiti za kompyuta, zile za mezani zilizotupwa na maofisi, keisi juu ya keisi, vumbi, na mijusi iliyotaga humo vizazi na vizazi. Ukifanya kosa anakupa bisibisi na kopo tupu la maziwa. Unafungua maiti mmoja, unatoa skrubu zote, unazipanga kwa ukubwa, unaeleza kila kipande ulichokitoa kilikuwa kinafanya nini. Huelewi, huendi nyumbani kula.

Mimi kwa ulimi wangu nilikuwa mkaazi wa stoo ile. Niliingia kwa sababu nilimwimbia mwalimu wa Jiografia aliyesinzia wimbo wa kubembeleza mtoto. Niliingia tena kwa kumuigiza yeye mwenyewe Mwalimu wa Nidhamu mstarini, na yeye yuko nyuma yangu. Mara ya kwanza nilikuwa sijui tofauti ya ramu na rula. Nilipokuja kushtuka, yakhe, naweza kuitoa prosesa, bongo la kompyuta, kwenye mazabodi, ule ubao mkubwa ambao kila kitu hukaa juu yake, huku natia chumvi habari za harusi ya jana. Hapo ndipo nilipogundua kuwa nimeonewa. Nilidhani naadhibiwa, kumbe nasomeshwa! Kama kuna dhuluma zaidi ya hiyo mniambie.

Chumvi ya bahari hapa inakula mabati ya nyumba, seuze kompyuta. Ramu, kile kipande cha kumbukumbu, ikigoma, Mwalimu aliyasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli mpaka yang'are, akairudisha, ikasoma. Mazabodi zilizoota ukungu aliziosha, wallahi, kwa maji na brashi ya viatu, halafu akazianika. Na wakati wa karafuu hakuna pahala pa kuanika pasipokuwa na karafuu, kwa hiyo alimuomba Bi Mkubwa wa nyumba ya jirani kona ya jamvi lake. Sisi tunafukuza kuku, Bi Mkubwa anageuza karafuu zake, anatazama zile mbao za kijani.

"Mwalimu, hizi zako daraja la ngapi?"

"La kwanza, Bi. Ila zisinyeshewe tu."

"Na zinanukia?"

"Zikiungua."

Bi Mkubwa akacheka mpaka akakaa chini.

Mwalimu alikuwa na ufundi wake wa kuweka alama. Mnajua kwenye shughuli, kila mwanamke anapeleka sahani na masufuria yake, na ili yasichanganyike huyatia nukta ya rangi ya kucha chini, huyu nyekundu, yule zambarau. Yeye akauchukua ufundi ule kama ulivyo. Kipande kizima alikitia nukta nyekundu, kinachosumbua zambarau, kilichokufa nyeusi. Na rangi zenyewe alizipata wapi? Kwa wasichana! Rangi ya kucha ni marufuku skuli, na anayenyang'anya ni nani? Mwalimu wa Nidhamu. Riziki, tunayekaa naye dawati moja, msichana asiyemuogopa mtu, alimfuata mpaka stoo.

"Mwalimu, hiyo nyekundu yangu."

"Ilikuwa yako. Sasa ni ya pawa saplai."

"Basi mbona kucha zangu kosa, na pawa saplai si kosa?"

Akafikiri. Alikuwa na tabia hiyo mbaya ya kulifikiri swali la mwanafunzi. "Kaa hapo," akamwambia, "upake wewe. Mkono wako hautetemeki." Tokea siku ile Riziki akawa mtu wa stoo bila ya kosa lolote, jambo lililoniudhi, maana mimi nafasi yangu niliipata kwa jasho la ulimi.

Msidhani nawaletea malaika. Mtu aliyechukia vilivyo tayari, hotuba yake ya kila Jumatatu ilikuwa tayari tokea sijazaliwa: kifungo cha shati, kucha, ukweli, kifungo cha shati tena. Alikufukuza mstarini kwa kifungo kimoja, na mkoba wake mwenyewe umefungwa kwa waya wa kengele. Alihubiri ukweli mpaka povu. Lakini mbele ya mwanamke mtu mzima, ukweli ule ulimkimbia. Siku moja mama wa kantini alikosea akatia sukari badala ya chumvi kwenye urojo. Skuli nzima ilipiga kelele. Yeye alikunywa bakuli zima, akaomba la pili, akasema, "Leo umefungua mkono, Bi." Nikamuuliza, Mwalimu, ukweli uko wapi? Akaniambia, "Kumsitiri mtu si uongo." Akanipeleka stoo.

Stoo ile ndimo tulimoizaa Mseto, kompyuta yetu wenyewe. Tuliiita hivyo kwa sababu ilikuwa kama mseto wa wali na choroko, kila kitu ndani. Keisi ya ofisi moja, mazabodi ya nyengine, ubavu haikuwa nao, tukakata bati la biskuti. Ikiwaka ilinguruma kama mashine ya kukunia nazi. Lakini iliwaka! Tulipanga zamu, kila mtu wa kidato chetu akachapa, akafuta, akaiharibu, akaambiwa, "Hujaiua. Tafuta ulipokosea." Somo letu lina mtihani wa vitendo, na usiyegusa mashine huwezi kufaulu kwa dua peke yake. Mashine ya kugusa ilikuwa hiyo moja. Hayo myashike: hiyo moja.

Kuna aliyemuuliza Mwalimu, kwa nini tusingoje kununuliwa zilizo tayari kama skuli za wenzetu? Mimi nilitegemea hotuba ya China. Hakuitoa.

"Iliyo tayari si mbaya," akasema. "Inawaka siku hiyo hiyo, na wewe ungali unatafuta skrubu. Ila ukinunua mashine, usinunue na uoga wake."

Basi zikaja. Wafadhili walileta kompyuta mpya za mezani, zimefungwa, kila moja ina stika ubavuni: ukiibandua, waranti imekufa. Mkuu wa skuli akatoa chumba kilichopakwa rangi, akatia zulia na mapazia, ufunguo ukakaa mfukoni mwake. Mkewe, Mama Mkuu tukimwita, mwanamke mkarimu kuliko wote walioko kwenye habari hii, akakaa akafuma kwa mkono wake kitambaa cha kila kompyuta, cha waridi, chenye matamvua marefu yanayoning'inia pande zote. Kwetu kitu cha thamani kina kitambaa. Redio ina kitambaa, tivii ina kitambaa, friji ina kitambaa. Kompyuta nayo ni nani iachwe uchi?

Sisi tulipitishwa humo kwa foleni, viatu mlangoni, mikono nyuma, kama watu wanaomtazama maiti wa mtu mkubwa. Kugusa, hapana. Mwalimu wa Nidhamu akaomba kipindi kimoja tu kwa wiki. Mkuu akamjibu mbele yetu:

"Na zikiharibika, nani atajibu?"

"Nitajibu mimi."

"Wewe kajibu ya stoo."

Kompyuta za wanafunzi, jamani! Zimeletwa kwa jina letu, tumepigwa nazo picha, na picha ndiyo ukaribu wa mwisho tuliowahi kuwa nao.

Ikaja siku ya wafadhili kuja kutazama sadaka yao. Asubuhi tukaambiwa Mseto iondolewe, inatia aibu. Tukaibeba wanne, tumeifunika kanga, mimi nasema "taratibu, maiti hana haraka," tukaitia kwenye choo cha walimu kilichovunjika. Mwalimu wa Nidhamu alitufuata. Hakunicheka na hakunikemea, nikajua siku si njema.

Chumbani udi umefukizwa mpaka macho yanatoa machozi. Kompyuta zimewashwa, na vitambaa viko juu yake, kwa sababu Mkuu alitaka wageni waone vyote viwili. Mgeni mmoja mwanamke akavisifu vile vitambaa, akauliza kavifanya nani. Mama Mkuu, aliyekaa kiti cha mbele, akainamisha uso kwa furaha. Riziki ndiye aliyechaguliwa kuchapa neno "Karibuni" mbele ya watu. Akaketi. Akachapa K, akachapa A. Mashine ikalia kama paka aliyebanwa na mlango, ikazima. Ikawashwa. Ikalia, ikazima. Mkuu jasho linamtoka mpaka kofia imebadilika rangi.

Mwalimu wa Nidhamu akasimama. Akatoa bisibisi mfukoni, akanipa simu yake. "Mulika hapa, na ulimi wako uuweke ndani."

Stika ikachanika. Sote tuliisikia. Akautoa ubavu. Mimi nikamulika, na nilichokiona nilikiona kwa macho yangu haya: feni ya prosesa, ile inayoipoza, imefungwa uzi wa waridi mpaka imeganda. Matamvua yalinyonywa kupitia matundu ya ubavuni, yakajizonga kwenye feni, feni ikasimama, prosesa ikapata moto, mashine ikajizima isiungue. Kitambaa cha Mama Mkuu! Nikafungua mdomo. Mwalimu akanikanyaga mguu.

Aliuchomoa uzi ule taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba, akaukunja kiganjani, kiganja kikaingia mfukoni. Akavitoa na vitambaa vyote, akavikunja vizuri, akamkabidhi Mama Mkuu kwa mikono miwili. "Bi, hivi visije vikachafuka. Skrubu tu ilikuwa imelegea." Akawasha. Ikawaka. Riziki akachapa "Karibuni" yote, watu wakapiga makofi.

Hapo ndipo ilipopaswa kuishia. Haikuishia. Mfadhili mmoja akaiona stika, akauliza, kwa upole tu, nani kaibandua, maana sasa ikiharibika haitengenezwi bure. Na Mkuu, ambaye sekunde chache nyuma alikuwa anakaribia kuzimia, akasema:

"Mashine ilikuwa nzima mpaka mwalimu huyu alipoitia mkono."

Nilimtazama Mwalimu wa Nidhamu, namngoja. Mtu wa ukweli, kifungo cha shati, ukweli, kifungo cha shati. Kimya. Mama Mkuu yuko palepale, vitambaa mapajani.

Mimi sikunyamaza. Wageni walipoondoka nilikwenda mpaka ofisini kwa walimu, walimu wamejaa, Mkuu amekaa, Mwalimu wa Nidhamu amesimama kama mwanafunzi. Mama Mkuu alikuwa keshakwenda kwake, na ndiyo maana nilisema.

"Mkuu, ni uzi. Uzi wa kitambaa ulizonga feni. Nimemulika mimi."

Mkuu akanitazama, akaanza kucheka. "Wewe si ndiye uliyeniambia mbuzi wa mlinzi kapasi Hesabu kuliko darasa lenu?"

Ofisi nzima ikacheka. Hata mwalimu wa Jiografia, aliyekuwa macho kwa mara ya kwanza.

"Nnakwambieni uzi anao mfukoni! Mwalimu, utoe!"

Na yeye, mkono uko mfukoni, nauona unavyokunja ngumi ndani ya suruali, akasema: "Kijana huyu ana mizaha. Mwacheni ende darasani."

Mnaona? Nimeshasema uongo wa kuchekesha mwingi katika maisha yangu na watu wote wameuamini kwa starehe. Siku moja nikasema kweli, ikawa ndiyo kichekesho kikubwa kuliko vyote.

Wakamvua mambo ya kompyuta. Ufunguo wa stoo ukachukuliwa, Mseto ikatolewa chooni ikatupwa jaani, bati la biskuti watoto wakatelezea. Muhula uliofuata yeye akahamishiwa skuli ya Kiuyu. Zile kompyuta za chumba cha zulia zimerudishiwa vitambaa, zimezimwa, salama kabisa, hakuna anayezigusa. Na sisi tukajifunza kuchapa kwenye vipande vya boksi vilivyochorwa herufi. Niamini nikikwambia: nimekaa mbele ya boksi, nimebonyeza A iliyochorwa kwa peni, na mwalimu mpya akaniambia, "Vizuri." Mtihani wa vitendo tuliukuta umekaa unatungoja. Riziki alipita kwa yale aliyoyapata stoo. Wengi hawakupita.

Nilimuona tena Mwalimu mwaka huu, Kiuyu, nimekwenda harusini kwa binamu yangu. Nilimkuta darasani kwenye skuli yao anasomesha Uraia, na sauti yake imepungua. Nikangoja atoke.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umefanya kosa gani huku?"

"Bado, nimefika jana."

Akacheka kidogo. Nikamueleza kilichonipeleka kwake. Mjomba wangu aliyeko Maskati alikuwa ameahidi kuniletea kompyuta, na amenipa nichague: aninunulie iliyo tayari, imefungwa na boksi lake, au aniletee vipande niiunge mwenyewe. Nilikuwa nimeshachagua, tusidanganyane. Nilimuuliza ili nimpe furaha, kama unavyompelekea mgonjwa chungwa.

"Nunua iliyo tayari," akasema.

Nilidhani anatania, nikacheka. Hakucheka.

"Mwalimu, unaumwa?"

"Siumwi. Ya dukani ikifa, hapana mtu atakayekuuliza mkono wako ulikuwa wapi."

"Wewe si ndiye uliyesema tusinunue na uoga?"

"Nilisema hayo nikiwa na ufunguo." Akatazama chini, akauliza taratibu, "Yule mama wa watu, hajajua mpaka leo?"

"Hajajua."

"Basi vyema."

Vyema! Wallahi nilimkasirikia siku ile kuliko siku zote za stoo zikijumlishwa. Nikamwambia na mimi siogopi: "Mwalimu, umemsitiri mtu mmoja, darasa zima umeliacha linabonyeza maboksi." Nikangoja. Nilitaka anipe hata adhabu. Alichonijibu ni, "Msalimie Riziki," akaingia darasani, wanafunzi wake wakasimama kumpokea, na sikuona hata mmoja aliyekuwa na bisibisi.

Nilirudi nyumba ya harusi nikaazima simu ya binamu yangu, nikampigia mjomba. Huko Maskati kulikuwa na kelele za gari.

"Haya, umechagua?"

"Lete vipande."

"Vipande? Nani atakuungia huko?"

"Mimi."

"Na ukiiunga ikafa?"

"Ikifa, nimeiua mimi, mjomba. Usimuulize mtu mwengine."

Akaniambia nisubiri atafute kalamu, nimtajie vipande kimoja kimoja.